Kilo Zisizo na Mwenyewe

Jumatatu asubuhi Munga alipanda mizani ya kitengo cha figo, na mizani ikasema jambo ambalo Sista Njeri hakulipenda. Akamshusha, akampandisha tena. Akamwambia avue viatu, avue mshipi, atoe na simu mfukoni. Mizani ikakaa palepale.

"Mama Munga," Sista Njeri akaita bila hata hujambo, maana yeye ni mtu wa bara na huanza na jambo lenyewe, "hizi kilo nne ni za nani?"

Nyamvula alikuwa benchini na mkoba wa mwanawe mapajani. Akaitika "Abee!" akainuka, akaja kuinamia mizani kana kwamba ataona jina limeandikwa.

"Za nani vipi, mwanangu?"

"Alhamisi alitoka hapa mkavu. Leo amerudi na kilo nne zaidi, na mtu hanenepi hivyo kati ya Alhamisi na Jumatatu. Hayo ni maji. Ni nani amempa?"

Sasa kwa asiyejua, na wengi hatujui mpaka balaa litupigie hodi: figo za Munga zilikuwa zimekufa zote mbili. Alikuwa hamali pale sokoni Kongowea, akishusha magunia ya viazi kutoka kwenye malori ya bara, na kila asubuhi kwa miaka alimeza vidonge vya maumivu vya dukani, bila daktari, ili mgongo umruhusu kuinama. Mgongo ulinyamaza. Figo nazo zikanyamaza, na hizo hazikuamka tena. Sasa Munga hakojoi. Anachokunywa hakina pa kutokea. Kinamkaa miguuni, kinampanda usoni, na kikizidi kinaingia mapafuni, na hapo mtu huzama akiwa kitandani kwake, mbali na bahari. Kazi ya kumkamua maji hayo ni ya mashine, Jumatatu na Alhamisi. Katikati ya siku hizo anaruhusiwa vikombe viwili vidogo kwa siku, na humo mna chai, mna uji, mna mchuzi, mna na maji ya kumezea dawa.

"Nikisikiliza moyo wake, umechoka," Sista Njeri akasema, sauti imeshuka. "Kilo nne nikizivuta kwa mara moja nauvuta na moyo. Daktari amesema akija vizuri mpaka Pasaka, wataanza vipimo vya kumpandikiza figo ya dada yake. Akija hivi, hakuna daktari atakayekubali kumpasua. Na akija na zaidi ya hivi, Mama, wacha nisimalizie."

Dada mwenyewe ni Lavender, kitinda mimba wa Nyamvula. Alikwisha kusema figo yake moja ni ya kaka yake, na tangu siku hiyo alikuwa akitembea polepole, mkono kiunoni, kama aliyebeba trei ya mayai.

Nyamvula alirudi nyumbani Mjambere na swali lile kichwani kama ndoo. Sista ni mtu aliyesoma. Akiuliza kilo ni za nani, basi zina mwenyewe. Na mwenyewe atapatikana.

Jioni hiyohiyo akaita baraza.

Walikaa barazani kwa Bwana Abdulghani, mwenye nyumba, ambaye Nyamvula amepanga kwake vyumba viwili kwa miaka mingi. Mkeka ukatandikwa. Akaja Baba Mkubwa Charo, kaka yake marehemu baba Munga, mtu asiyeweza kusema jambo moja bila kulitangulizia mengine sita. Akaja Fondo, mjomba wa Munga, kutoka Kaloleni na baiskeli yake. Akaja Roseline, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, amevaa sare kamili kama anayekwenda mazishini. Munga alikuwa chumbani, mlango wazi, akiwasikia.

"Tumeitwa hapa," Baba Mkubwa Charo akafungua baada ya kuulizia afya ya kila mtu na ya mbuzi wake, "kwa sababu ya kilo nne. Zimeonekana hospitalini, juu ya mtoto wetu. Hatusemi mtu ni mbaya. Twasema mwenye zake ajitokeze azichukue."

"Mimi maji sikumpa," Roseline akasema. "Mungu ni shahidi. Mimi nilileta uji."

"Kiasi gani?" Nyamvula akauliza.

"Chupa moja tu ya chai."

"Ipi?"

Roseline akatazama kanga yake. "Ile ya harusi."

Watu wakaguna. Chupa ya harusi ya akina mama wa kanisa ilijulikana Mjambere yote. Hubebwa na wawili.

"Mimi nami maji sikumpa," Fondo akadakia. "Maji mimi hata mwenyewe sinywi. Nilimletea madafu. Nani hapa hajui kwamba dafu husafisha figo?"

"Kweli kabisa!" wote wakaitikia, hata Nyamvula mdomo ulimponyoka.

"Mangapi, Fondo?"

"Sikuyahesabu, dada. Baiskeli ndiyo inayojua."

Lavender akapiga paja. "Mjomba, madafu ndiyo mabaya kuliko yote! Figo nzima ndiyo inayoyaweza. Iliyokufa haiwezi. Sista amesema yana potasiamu, nayo ikijaa kwenye damu inasimamisha moyo. Ghafla. Kama kuzima taa."

"Dafu lisimamishe moyo?" Fondo akacheka. "Mimi nimelelewa na madafu, mbona niko hai?"

"Wewe una figo, Mjomba!"

Fondo akajishika kiuno, akawa kama mtu aliyekumbushwa kwamba ana nyumba mahali.

Ikaja zamu ya aliyelifungua baraza mwenyewe. Baba Mkubwa Charo akakiri alileta soda, lakini akasema soda ni upepo tu, ukishafungua umetoka. Akaulizwa kwa nini basi chupa ikifunguliwa haibaki tupu. Akasema hilo si swali la kumuuliza mtu mzima.

Wakagawa. Kilo moja akapewa Roseline na uji wake, moja na nusu akapewa Fondo, nusu akajitwika Baba Mkubwa kwa kunung'unika. Ikabaki kilo moja. Wakaizungusha mkeka mzima, huyu anaisukuma kwa yule. Hakuna aliyeitaka. Magharibi ilipoingia Bwana Abdulghani akaenda msikitini, akarudi, akawakuta bado wanaigombania. Mwisho walitawanyika wakaiacha pale mkekani, na Nyamvula alipokunja mkeka aliukunja kwa uangalifu, asijue ameikunjia humo au la.

Usiku akawaza, na kulipokucha alikuwa na dawa. Akatuma salamu Kongowea. Mahamali wenzake Munga wakamletea kwa mkokoteni mizani kuukuu ya kukanyagia, ile ya magunia, iliyostaafu lakini inasema kweli. Wakaisimika mlangoni mwa Munga, imeziba kizingiti chote, hata paka hawezi kuingia bila kuikanyaga.

"Sheria ni moja," Nyamvula akatangaza, chaki mkononi. "Ulivyoingia ndivyo utakavyotoka. Ukitoka mwepesi, umeacha kitu ndani ya mwanangu."

Mwanzoni watu walinuna. Tangu lini mtu akaenda kumjulia hali mgonjwa akapimwa kama vitunguu? Lakini Mjambere ni Mjambere. Siku ya pili wakaanza kuja hata wasiomjua Munga. Kuna mama alikuja mara tatu, akapanda, akasoma, akasema "Eee, napungua!" akaenda zake bila kuuliza mgonjwa yuko wapi.

Shida ikawa zawadi. Kwa mgonjwa huendi mikono mitupu, na ulichompelekea hukirudishi kwako. Ukirudi nacho ni kama umemchimbia kaburi. Madafu hayawezi kubaki ndani, hayawezi kurudi Kaloleni. Wafanyeje? Ni Baba Mkubwa Charo aliyepata jibu.

"Mtoto hawezi kunywa," akasema, "lakini ndugu anao. Tutamnywea."

Na kweli wakamnywea. Roseline alikuwa wa kwanza. Alikaa kwenye kiti mbele ya Munga, akaomba, akaifungua chupa ya harusi, akaanza. Kikombe baada ya kikombe, jasho linamtiririka chini ya kitambaa cha kanisa. Fondo akapasua madafu kwa panga, akayapindua mdomoni moja baada ya jingine, koromeo lake linapanda na kushuka, glu, glu, glu. Nao hawakumpa mgongo, la, maana si adabu kumnywea mtu huku umemgeuzia kisogo. Walimtazama usoni. Na kila walipomaliza walijifuta midomo, wakamwambia kwa upendo:

"Hilo lilikuwa lako, Munga."

"Ahsante, Mjomba," Munga akajibu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Tena lilikuwa tamu! Lile la pili ndilo hasa. Limepoa, utadhani limetoka kwenye friji."

"Ahsante."

Nyamvula mlangoni alikuwa anasoma mizani. Fondo aliingia na madafu mkononi, akatoka nayo tumboni. Uzito uleule! Akaandika ukutani kwa chaki, akamshukuru Mungu.

Lakini nyumba ya Bwana Abdulghani ina choo kimoja kwa wapangaji wote. Na mtu akimnywea mwenzake kwa moyo wote, choo hakikwepeki. Baba Mkubwa Charo alitoka chumbani kwa mlango wa uani, akaenda kujisaidia, akarudi, akaaga, akapanda mizani. Kilo nzima imekosekana.

"Shemeji," Nyamvula akasema, macho yamemtoka, "kilo iko wapi?"

"Iko chooni, shemeji."

"Shahidi?"

"Shahidi! Huko nako watu huenda na mashahidi?"

"Basi mimi nitajuaje kama haiko ndani ya Munga?"

Mzee alisimama juu ya mizani ile akitafuta neno, yeye ambaye maneno hayajawahi kumpungukia. Mwisho akalipata: aliomba Bwana Abdulghani aitwe aseme kama choo kimetumika. Bwana Abdulghani akaja na bakora yake, mwekundu kwa hasira.

"Kimetumika? Wallahi kimetumika! Tangu juzi kimetumika kuliko cha stendi! Mama Munga, mimi nimepangisha vyumba, sikupangisha mto!"

Baada ya kesi ile wageni walijifunza. Wakanywa, wakajibana, wakapanda mizani magoti yamegusana, wakangoja chaki, na chaki ikigusa tu ukuta, mbio. Watu wazima, na wajukuu wanao, wakikimbizana uani wamejishika kanga na vikoi.

Alhamisi ile Munga alipanda mizani ya hospitali na kilo moja na nusu. Sista Njeri akatabasamu, meno yote. "Mmefanya nini nyumbani?"

"Tunamnywea," Nyamvula akasema kwa fahari.

Sista alifikiri ni msemo wa Kipwani, akatikisa kichwa, akaenda zake kuandaa mashine. Na laiti angeuliza.

Jumatatu iliyofuata, kilo tatu. Alhamisi, tatu na nusu, ambazo kwa siku zile chache ni nyingi kuliko nne za kwanza. Nyamvula alikuwa akiangalia hesabu zake za ukutani, hakuna aliyetoka mwepesi hata robo. Wageni wote walikuwa wanakunywa kuliko zamani. Zimetoka wapi? Akampima Lavender akiingia na dawa, akampima akitoka. Akampima mchungaji, kisha akampima mchungaji na Biblia yake, kisha Biblia peke yake. Akampima paka. Siku moja akaukunjua ule mkeka, akaukung'uta uani, akauangalia chini na juu, kwa sababu ile kilo moja iliyobaki bila mwenyewe ilikuwa inamsumbua; je, kama ilikuwa humo ndani inakua?

Tusimcheke. Mzazi mwenye mgonjwa akili yake haikai kitako.

Alhamisi hiyo ya tatu na nusu, Munga alipokuwa kwenye mashine, presha yake ikashuka. Ilianza na kupiga miayo. Kisha miguu ikakakamaa, vidole vikajikunja kama kucha za kuku, akalia kwa sauti ambayo Nyamvula hakuisikia kwake tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Macho yakapanda juu. Sista Njeri akapiga kelele, kiti kikalazwa, miguu ikainuliwa, watu wa nguo za bluu wakaja mbio. Nyamvula akashika unyayo wa mwanawe, akausugua, akausugua. Ulikuwa baridi kama samaki wa barafu. Hakuomba kwa maneno. Alikuwa anasema tu, "Munga, Munga, Munga," mpaka unyayo ukasogea mkononi mwake.

"Pasaka imefika, Mama," Sista Njeri akamwambia baadaye pale mlangoni, jasho bado liko usoni. "Wiki ijayo daktari anakaa na wenzake kuamua. Nitawaambia nini?"

Nyamvula alirudi nyumbani akakaa juu ya mizani ya Kongowea, pale mlangoni, kanga usoni. Ndugu wakaja mmoja mmoja, habari zimeshawafikia. Baba Mkubwa Charo akafungua baraza bila hata kuulizia mbuzi. Nani amempa? Wakaanza upya kusukumiana, sauti zikapanda, Fondo akamwita Roseline mnafiki wa uji, Roseline akamwita Fondo mlevi wa madafu, mpaka Bwana Abdulghani akatoka kwake akagonga bakora chini.

"Nyamazeni! Wiki ngapi nawasikia na kilo zenu. Nyinyi mmemuuliza Munga?"

Wakatazamana.

Wallahi hakuna aliyekuwa amemuuliza. Walimuuliza mjomba, walimuuliza mchungaji, walimuuliza paka kwa vitendo. Munga mwenyewe, mwenye mwili, alikuwa kule ndani akisikia kila neno, na hakuna aliyeingiza kichwa.

Nyamvula akainuka, akapita juu ya mizani bila kuisoma.

"Munga, mwanangu. Hizi kilo ni za nani?"

"Zangu," Munga akasema. "Tangu mnipimie wageni, ni zangu zote, Mama."

"Unayatoa wapi maji?"

"Kwenye ndoo ya kuogea." Akageuza uso ukutani. "Naingia bafuni naoga nje kidogo, kisha naoga ndani. Nilikuwa naweza zamani. Kiu ilikuwa inakuja na kupita, nilikuwa nailaza. Lakini sasa, Mama, nikifungua macho Mjomba anakunywa. Nikifumba nasikia glu, glu. Mama Roseline akitoka anaingia mwingine na dafu. Wananiambia lilikuwa tamu. Wananiambia lilikuwa langu! Mwili wangu umeanza kuamini. Umeanza kuyadai."

Kule barazani wote walikuwa wamesikia. Fondo alikuwa ameshika dafu ambalo halijapasuliwa. Alilishusha chini polepole, kama silaha.

"Astaghfirullah," Bwana Abdulghani akasema. "Yaani mlikuwa mnanywa mbele yake? Nilidhani mnamnywea uani! Nyinyi watu tumekaa pamoja miaka yote, mwezi wa Ramadhani mnaniona. Mama Munga, wewe mchana wa Ramadhani hujawahi hata kutafuna muhogo mbele yangu. Chungu chako unakifunika na harufu yake. Na mimi jua likitua nitakula. Huyu kijana jua lake linatua saa ngapi?"

Mizani ikalia kwa kutu, peke yake.

Kuanzia hapo mambo yakageuka, na kwa kuwa watu wetu hawajui kufanya kitu nusu, yakageuka mpaka upande wa pili. Baba Mkubwa Charo akatangaza kwamba kama hawawezi kumnywea, basi watakaa naye kavu. Hakuna tone kwa anayekuja kumwona Munga, kuanzia anapoamka. Bwana Abdulghani akawa ndiye mwalimu wao, akiwaonyesha jinsi ya kukaa kivulini, kutosema sana, kusukutua na kutema. Akawafundisha ya kumfaa Munga pia: kipande kidogo cha barafu mdomoni, kihesabiwe ndani ya vile vikombe viwili, na chumvi ipunguzwe kwenye mboga, maana chumvi ndiyo mama wa kiu. Lavender akaenda kumuuliza Sista Njeri kwanza, Sista akasema ni sawa, ndivyo alivyowaambia tangu siku ya kwanza. Mizani ikarudi Kongowea. Ndoo ya kuogea ikawa inaingia na Lavender akisimama nje ya bafu, kaka yake akiimba ndani ili isikike kwamba mdomo una kazi nyingine.

Na nyumba ikatulia. Wageni waliingia mikono mitupu, kwa mara ya kwanza, wakaona aibu, kisha wakazoea. Waliketi mbele ya Munga midomo imewakauka, ndimi zinagandana. Baba Mkubwa Charo, bila maji ya kulainisha koo, alijikuta hawezi kutangulizia jambo hata moja, aliuliza tu, "Waendeleaje, mwanangu?" akanyamaza, akasikiliza jibu. Munga alimwambia mama yake hajawahi kumpenda baba mkubwa kama siku zile.

Alhamisi Kuu, siku ya daktari kukaa na wenzake, ukoo wote ulimsindikiza Munga hospitalini. Waliapa hawatagusa maji mpaka mizani iseme. Jua la pwani lilikuwa kama limeteremka kuwaona kwa karibu. Wakajipanga ukutani mwa kitengo cha figo, Roseline na sare yake, Fondo, Bwana Abdulghani na bakora, macho yamewaingia ndani, midomo nyeupe kwa chumvi ya jasho.

Sista Njeri akatoka, akawatazama mmoja mmoja.

"Hawa wote ni wagonjwa wapya?"

Kabla Nyamvula hajajibu, Baba Mkubwa Charo alisema, "Sista, sisi ni," akateleza ukutani taratibu kama kanga iliyoanguka kwenye kamba.

Ikawa vurugu. Mzee akabebwa, akalazwa kwenye kitanda kilichokuwa wazi, na kitanda hicho kilikuwa kando ya kiti cha Munga. Sindano mkononi, chupa juu, dripu ikaanza kumdondokea. Alipofumbua macho aliiona ile chupa kubwa ya maji safi inamwagikia mwilini mwake, na pembeni yake Munga anaitazama. Mzee akalia.

"Munga, baba, nisamehe. Nanywa mbele yako. Nanywa kwa mshipa!"

Munga alianza kucheka. Alicheka mpaka nesi mwingine akaja kuona kuna nini. "Kunywa, Baba Mkubwa," akasema akijifuta macho. "Hilo ni lako."

Sista Njeri alikuwa mkali kama pilipili. "Ni nani aliwaambia wazima wasinywe maji? Figo nzima bila maji nayo inaharibika! Mnataka nipate wagonjwa sita badala ya mmoja?"

Vidole vyote vikaelekea kwa Bwana Abdulghani.

"Mimi?" akaruka. "Mimi nilisema msinywe mbele yake! Lini nilisema msinywe?"

Basi hapo ndipo penye onyo, na mwenye mgonjwa wa figo nyumbani apasome mara mbili.

Munga akapanda mizani. Nyamvula alikuwa ameziba macho kwa kanga, akimwachia Lavender amwangalilie. Namba zikacheza, zikatulia.

"Kilo moja," Sista Njeri akasema. Kisha akakunja uso, lakini macho yalikuwa yanacheka. "Na hii moja je, ni ya nani?"

"Yangu, Sista," Munga akasema. "Niliruhusiwa."

Sista akaingia ofisini kwa daktari, mlango ukafungwa. Walikaa. Dripu ya mzee ilikuwa inadondoka, na kila mtu alikuwa anajitahidi asiiangalie. Mlango ulipofunguka, Sista hakusema na Munga wala na mama yake. Alimwita Lavender.

"Wewe, mwenye figo. Njoo utolewe damu ya vipimo."

Lavender akainuka, mkono kiunoni, akatembea polepole mno mpaka Sista akamwambia, "Dada, ni damu tu leo."

Nyamvula alingoja mpaka Munga alipounganishwa na mashine, amefumba macho, pumzi inakwenda sawasawa. Ndipo akahisi koo lake mwenyewe. Ulimi ulikuwa kama kipande cha kamba. Akatoka akinyata, akazunguka nyuma ya jengo, akapita jikoni na kamba za kuanikia mashuka, akitazama nyuma kama mwizi wa kuku. Alijua kuna bomba kule, ukutani, mahali ambapo hakuna dirisha la kitengo cha figo linaloelekea.

Akapinda kona.

Roseline alikuwa pale, kitambaa cha kanisa kimelowa mpaka mabegani. Nyuma yake Fondo, akingoja zamu, mikono ameikinga. Nyuma ya Fondo, Bwana Abdulghani, ameegemea bakora, akijifanya anaangalia mawingu.

Nyamvula akashika mstari.